Kabati la bibi lilivyogeuka pinki

Ngoja niwahadithie aibu yangu kwanza alafu tuongee mambo ya rangi. Mwaka jana bibi alihama Tanga akaja kukaa kwa mama, na mi nikapewa kabati lake la vyombo, lile la milango miwili ya vioo juu na droo tatu chini, mninga mtupu, zito mpaka vijana wanne walioshusha kwenye kirikuu wakadai hela ya soda juu ya waliyopatana. Lilikuwa limechoka. Vanishi imekuwa nyeusi pale mikono inaposhika, juu kuna maduara meupe ya vikombe vya chai, na ukifungua droo inakupiga ile harufu ya bizari na magazeti ya zamani.

Sasa mi nilikuwa nimeshajaza simu picha za makabati meupe yenye vishikio vya dhahabu, yale ya kwenye nyumba ambazo hazina watoto wala vumbi, nikasema na hili litakuwa jeupe. Nikaenda zangu kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani nikanunua rangi ya maji ndoo ya lita 4, brashi mbili na msasa shiti tatu, nikarudi nyumbani nina furaha utadhani nimejenga ghorofa. Jumamosi nikapiga msasa kidogo, yaani kidogo kweli, nusu saa nzima sijui kama ilifika, nikapaka mkono wa kwanza wa rangi.

Ulivyokauka nikaona kwa mbali kama kuna wekundu. Nikajisemea ni mwanga wa jioni. Jumapili asubuhi mkono wa pili, mchana wekundu upo palepale, nikapaka wa tatu kwa hasira, na jioni kabati likawa limekaa sebuleni linang'aa pinki kama maziwa ya stroberi. Mdogo wangu akaingia, akalitazama, akauliza, "Hili ndo la kitchen party?" Sikumjibu.

Kesho yake nikaenda Keko. Kwa wasiojua, Keko ndo kwa mafundi wa fanicha hapa Dar, ukipita barabarani ni vitanda na sofa zimepangwa nje na harufu ya thina inakufuata mpaka kwenye daladala. Kuna mzee mmoja, jirani yangu ndo alinielekeza kwake, anatengeneza vitu vya zamani tu, vipya hagusi. Nikamwamkia, nikampa simu aone picha. Nilijua ataniuliza nataka rangi gani. Akaniuliza:

"Kabla ya hii rangi kulikuwa na nini?"

"Vanishi, mzee."

"Vanishi ipi?"

Nikanyamaza. Vanishi si vanishi jamani?

Kumbe hapo ndo kosa langu lote lilipokuwa. Mi nilichagua rangi kwa kuangalia picha, yeye anachagua kwa kuangalia kilichopo chini, na toka siku ile kila nikiona kitu cha mbao naanza na swali lake. Alikuja nyumbani Jumamosi iliyofuata na kimfuko chenye pamba, chupa ya spiriti na chupa ya thina, basi. Akafungua mlango wa kabati, ndani sehemu ambayo sikuifikia na brashi, akalowesha pamba na spiriti akaibandika pale kama nusu dakika. Akagusa na kidole, hamna kitu. Akachukua pamba nyingine akaweka thina. Akahesabu kimoyomoyo, akatoa, na pale chini vanishi ilikuwa imelainika inavutika kama gundi, na pamba imetoka nyekundu. Sio kahawia, nyekundu ya kolobea.

Akanielewesha hivi, na mi nawaelewesha nilivyoelewa. Ingelainika kwa spiriti, hiyo ni shelaki, ile ya zamani inayotokana na utomvu wa kidudu cha India, mafundi wa zamani walikuwa wanaisugua kwa kitambaa mpaka inakuwa kama kioo. Ikikataa spiriti ikakubali thina, hiyo ni laka, ndo vanishi ya kupuliza ambayo fanicha nyingi za mjini zimepakwa. Ikikataa zote mbili, au ikajikunja tu ikavimba bila kuyeyuka, hapo una rangi ya mafuta au poliyurethini, ile vanishi ngumu kama plastiki, na ujiandae na kazi. Kipimo cha dakika mbili, pamba mbili, sehemu ya uvunguni asikoona mtu. Ningekijua mapema mdogo wangu asingepata la kunitania.

Na ule wekundu? Ni dai, yaani rangi ya kukolezea mbao. Fundi wa zamani aliweka dai ya mahogani ndani ya vanishi, na dai za aina ile hazifi, ukipaka rangi juu yake zinapanda zinaingia kwenye rangi mpya, upake mikono mitatu upake kumi. Kama nilikuwa nimeshikilia weupe wangu, dawa yake ni kuziba kwanza na shelaki safi, mikono miwili, ndo rangi ifuate, kwa sababu shelaki iliyotolewa nta inashika karibu juu ya kila kitu na karibu kila kitu kinashika juu yake. Unanunua zile chenga za rangi ya asali unaloweka kwenye spiriti, kama gramu 250 kwa lita moja, unaacha zilale usiku kucha, asubuhi unachuja na kitambaa. Inakauka haraka mno, ukiipiga brashi mara mbili mbili unaiharibu, pitisha mara moja uendelee mbele.

Lakini mzee akaniambia, "Mwanangu, mninga unapaka rangi?" Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayeuliza pilau unalila na sukari. Akachukua kitambaa akakilowesha maji tu ya bomba, akapitisha pale alipoondoa vanishi. Jamani. Mbao ikaamka. Kahawia yenye dhahabu ndani yake, na mistari myeusi myembamba inapita kama maji. Kama hujui mbao yako itafanana vipi ukiiweka klia, yaani vanishi isiyo na rangi, usiulize mtu, lowesha kitambaa upitishe, ile rangi unayoiona kabla haijakauka ndo utakayoipata. Nikasema basi tunatoa yote.

Kutoa ilichukua wiki mbili za jioni. Rangi yangu ya maji ilibanduka yenyewe na kikwanguo maana haikushika popote. Laka tuliitoa na thina, unalowesha tambara unalilaza juu, unafunika na nailoni lisikauke, dakika kumi unafuta ukifuata nyuzi za mbao. Milango wazi, madirisha wazi, jiko la gesi limezimwa, na glovu za mpira nene sio zile za hospitali, zinayeyuka mkononi nawaambia. Alafu msasa, namba 80 pale penye makovu tu, 120, 180, mwisho 220, na ukishatoka 220 acha, usijifanye unajua ukaenda 400 mbao ikawa laini kama kioo, dai na mafuta havitaingia vizuri. Na usisugue kukata nyuzi. Mikwaruzo ya kukata nyuzi huioni kwenye mbao kavu, unaiona siku umepaka, jua likiingia dirishani.

Hapa niseme kitu kimoja kwa wenye vitanda vya watoto au viti vilivyopakwa rangi miaka ya zamani. Rangi za mafuta za kale, hasa nyeupe, njano na nyekundu, nyingi zilikuwa na risasi. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa siku hizi risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni lakini rangi ya miaka hiyo haikuambiwa hivyo. Usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba ukatimua vumbi kwenye godoro la mtoto. Tumia msasa wa maji, fanyia nje, watoto wasiwepo, futa na tambara bichi sio kufagia.

Haya, kabati liko uchi, sasa tunapaka nini. Mi nilifikiri kuna jibu moja, ile bora kuliko zote. Mzee akauliza tena, swali la pili sasa, "Hiki kitu kitafanyiwa nini?" Kabati la vyombo linashikwa vishikioni tu, halimwagiwi supu, halikai juani. Kwa hiyo sila na laka ya klia inatosha kabisa, inakauka ndani ya nusu saa, unaweza kumaliza kwa siku moja, na siku ikichubuka unarekebisha pale pale kwa sababu laka mpya inayeyusha ya zamani kidogo zinashikana zinakuwa kitu kimoja. Sila ni ile nyeupe nyeupe ya kujaza vitundu vya mbao, unapaka, inakauka, unaipitishia msasa 320 inatoa unga kama poda ya mtoto, ndo unapuliza klia.

Meza ya kulia ni habari nyingine. Yangu fundi mmoja alinipulizia laka miaka kadhaa nyuma, ikapendeza mwezi mmoja, alafu sufuria ya ugali ikaandika duara jeupe, alafu 2020 tukaanza kuweka chupa za sanitaiza mezani na kila tone likala vanishi maana laka inavumilia spiriti ya nusu dakika, sio ya kila siku. Meza inataka poliyurethini. Ni ngumu, inavumilia maji na spiriti, ila taratibu zake zinachosha: mkono wa kwanza unaizimua na waiti spiriti kidogo (sio ile spiriti ya kupimia) iingie kwenye mbao, unasubiri mpaka kesho, msasa 320, futa vumbi, mkono wa pili, kesho tena, wa tatu. Koroga na kijiti polepole, usitikise kopo, ukitikisa unaingiza povu na lile povu linakaukia mezani kama chunusi. Na kosa ambalo hata mafundi wanafanya, usiweke ile sila ya laka chini ya poliyurethini. Ule unga unaoifanya isagike vizuri ndo unaofanya poliyurethini isishike, miezi sita unaanza kubandua magamba na kucha. Ikishapakwa inaonekana kavu kesho yake lakini bado, ngoja wiki tatu nne kabla ya kutandika kitambaa cha plastiki juu. Ile ya mafuta inatia mbao rangi ya asali na inazidi kuiva kila mwaka, ile ya maji inabaki klia kama ilivyo. Kwa mninga mi nachukua ya mafuta. Kwa msindano mweupe unaotaka ubaki mweupe, ya maji.

Kama meza yako ni mtiki, ifute na thina kwanza, subiri ikauke, ndo upake, ule mti una mafuta yake wenyewe yanayokataa vanishi.

Rudi kwenye kabati. Mi sina kompresa kwa hiyo tulilipeleka Keko kupulizwa, na hii ilikuwa Aprili, masika yenyewe. Nilikuwepo. Mzee kapuliza mlango mmoja, umelala mezani unang'aa kama umelowa, nikasema huu ndo wenyewe, na ndani ya dakika tano ukaanza kuwa na ukungu. Unauona kabisa unatembea toka pembeni kuja katikati, weupe kama kioo cha gari asubuhi. Nikajua laana ya weupe imenifuata. Mzee hakushtuka. Akasema thina ikiruka inaondoka na joto, mbao inapoa, na hewa ya leo imejaa maji, kwa hiyo maji yanatua juu ya laka kabla haijakauka yanafungiwa humo. Akafunga duka la kupuliza siku ile, tukanywa kahawa. Siku ya tatu jua likatoka, saa sita mchana akachanganya thina ile inayokauka taratibu, akapuliza nyembamba juu ya ukungu na ukaondoka wote, mi nimesimama pale nimeshika mdomo. Kwa hiyo watu wa Pwani, masika msiharakishe fundi. Akikwambia mvua, ni mvua, sio anakukimbia. Wakati mwingine anakukimbia lakini sio kila mara.

Kabla ya kupuliza alimwaga maji sakafuni vumbi litulie, na akafuta kabati kwa kitambaa kilichoguswa thina kidogo. Na kung'aa? Nilitaka glosi kabisa. Akanionyesha mlango kwa ubavu kwenye mwanga, kila kovu la miaka yote la bibi linaonekana. Glosi inasema kila kitu, ni ya kitu kipya kilichonyooka. Kitu kizee kipe ya kung'aa nusu, au mati, isiyong'aa kabisa, ukiweza kuvumilia alama za vidole zenye mafuta. Tukaenda na nusu.

Sio kwamba nachukia rangi, msinielewe vibaya. Emdiefu, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa, utaipaka nini kama sio rangi, na kitu kilichoungwa mbao tatu tofauti rangi ndo inakiokoa. Ila fuata mpangilio: msasa wa kweli, ziba, andakoti (rangi ya chini), alafu rangi, mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mnene unaotiririka kama machozi ya mshumaa. Rangi ya ukuta usiipake kwenye fanicha, hata ikikauka inabaki na unato, utaweka kitabu utakitoa na gamba lake. Rangi ya mafuta nyeupe ni imara lakini sehemu yenye giza inageuka njano, ndani ya kabati lililofungwa mwaka tu utaona, kwa hiyo humo weka ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao. Na rangi za gari wanazopenda kupulizia siku hizi usiruhusu zipulizwe juu ya rangi ya mafuta ya zamani. Dresingi tebo ya shangazi ilipulizwa hivyo, tumekaa tunaangalia rangi inajikunja inanyanyuka kama ngozi ya maziwa, kwa sababu ile thina kali inaivuruga ya chini. Tena ile yenye hadina, dawa ya kuigandisha, isipuliziwe nyumbani kabisa, mvuke wake unaharibu mapafu, kitambaa cha kufunga puani hakizuii.

Benchi la barazani nalo nililiweka vanishi ya ndani kwa ujinga, jua la mwaka mmoja likaipasua ikawa inabanduka. Saivi naipaka mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, mkono mwembamba, nusu saa nafuta yaliyobaki juu, kila baada ya miezi kadhaa narudia na haichukui hata dakika ishirini. Haibanduki kwa sababu hakuna cha kubanduka, imeingia ndani. Ila yale matambara ya kufutia msiyafinyange mkatupa kwenye ndoo ya taka. Mafuta yale yakikauka yanatoa joto, na tambara lililofinyangwa linajipandisha joto mpaka linawaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze uani moja moja mpaka yawe makavu kama kadibodi. Mi nilidhani mzee ananitania.

Kuna kitu kimoja tulibishana mimi na mzee. Tulivyotoa ile dai, mlango wa kulia ukaonekana una utepe mweupe upana wa vidole viwili toka juu mpaka chini, ule weupe wa nje ya mti ambao fundi hodari huwa anaukata anatupa. Ndo maana fundi wa kwanza alimwaga dai nyekundu, alikuwa anaficha. Mzee akataka kuupaka dai ya kufanana na kiini, akasema mteja wake mwingine angemrudishia kazi. Mi nikasema uache. Akauacha, ila hakufurahi, na nadhani mpaka leo akipita na wenzie hasemi kwamba ile kazi ni yake.

Sikukuu iliyopita mama alimleta bibi. Haoni vizuri siku hizi, akalisogelea kabati akapitisha kiganja mlangoni, akarudi nyuma akatazama tena, akacheka mpaka akakaa chini.

"Huu weupe! Babu yako aligombana na fundi wiki nzima kwa ajili ya huu weupe. Akamwambia sikulipi mpaka nisiuone tena."

Kumbe. Nikamuuliza nimpigie fundi aje auzibe? Akasema aa, muache babu yako akasirike huko aliko. Akafungua droo ya chini kutafuta sijui nini, akainamia ndani, akaniuliza, "Na hii pinki je?"

Ile droo bado sijaigusa.